Matimba ya Mkorosho

Watu wa kwetu hawakati mkorosho. Mtu atakata mnazi uliozeeka, atakata hata mwembe wa babu yake akitaka kupanua uwanja, lakini mkorosho atauacha usimame ukiwa umebakiza tawi moja, maana tawi hilo moja bado linampa kisado cha korosho. Ndiyo sababu hakuna aliyejua mti huo una tabia gani ukishakuwa gogo. Nyumba zetu tunajenga kwa miti ya porini, na wenzetu wa pwani wanajenga kwa boriti za mkoko. Mkorosho tulijua bibo lake, tulijua utomvu wake unaochubua midomo ya watoto, tulijua kuni za matawi yake makavu. Kuusimamisha chini ya ardhi yenye maji na kuubebesha mlima wa udongo, hilo hakuna aliyewahi kulijaribu.

Naanza hapo makusudi. Historia ya machimbo yetu watu wanaianzia kwingine. Wanaianzia kwangu.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Majina ya watu watatu waliohusika siandiki, kwa kuwa wajukuu wa hao watu wanakunywa maji kisima kimoja na wajukuu wa ndugu zangu. Lakini vyeo vyao nitavitaja, na mtu wa hapa akisoma atajua ni nani.

Kabla ya dhahabu hapakuwa na mji. Palikuwa na nyumba zilizotawanyika, mashamba ya ufuta, mikorosho, na njia ya baiskeli ya kutokea barabara kuu iendayo Kilwa Masoko. Baba yangu alikuwa na shamba kubwa la mikorosho aliyoirithi. Siku moja watu walikuwa wanachimba kisima pembeni mwa shamba hilo, akapita mgeni kutoka Kanda ya Ziwa aliyekuja kununua ufuta. Akaokota jiwe jeupe lenye mistari ya kutu, akalilamba. Tukamcheka. Akaomba kinu cha mama akalitwanga, kisha akaliosha kwenye karai taratibu, anazungusha, anamwaga, anazungusha. Chini kabisa ukabaki mkia mwembamba wa njano, mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Mama," akasema, "ufuta wenu siutaki tena."

Mama yangu hakuuliza kitu kuhusu huo uzi. Alisema, "Na kinu changu nani atanilipa? Sasa nitatwangia nini kisamvu, mawe?"

Ufuta haujakomaa, watu wakajaa. Walikuja na maturubai, na sufuria, na majenereta, na maneno yao. Shimo wakaliita duara. Magogo ya kuzuia kuta za duara zisibomoke wakayaita matimba. Mashine ya kusaga mawe, karasha. Sisi wanawake tulipata kazi ya kuponda mawe kwa nyundo kabla hayajaenda karasha, na nyingine ya kuosha unga wake kwenye mialo, yale mabao yenye gunia yanayokamata dhahabu. Pakawa na kibanda cha video, vinyozi, wachoma mishikaki, na msikiti wa mabati ambao mchana ulikuwa joto kuliko tanuru. Watoto wakaacha kusema "shikamoo" wakawa wanasema "mambo vipi, bosi". Baba yangu alilichukia hilo kuliko vumbi. Hakukaa sana akafariki, na shamba likabaki mikononi mwa mdogo wake, baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji.

Huyo ni wa kwanza. Nimemtaja.

Mume wangu nilimpatia hapo hapo machimboni. Alitoka Kinjumbi, kwao wavuvi, na alikuja kuuza kamba. Wachimbaji walikuwa wakitumia kamba za katani zinazokatika, yeye akaleta za nailoni za kuvutia nyavu. Zilipoisha hakurudi. Alikuwa anasema, "Kwetu tunashusha kamba tunapandisha samaki. Ninyi huku mnashusha watu mnapandisha mawe. Nani mwenye akili hapo?" Lakini mwenyewe akashuka. Alianza kwa kuvuta ndoo juu, mwisho akawa mchimbaji wa chini kabisa, anayepiga tindo kwenye mwamba. Tukaoana, tukapata binti.

Wa pili ni mwenye duara. Alikuwa mfanyabiashara wa Masoko, mnunuzi wa korosho mwenye lori. Alipoona dhahabu alipata leseni haraka kuliko mtu anavyopata kitambulisho, akaja na tabasamu na mchele. Sikatai, alikuwa mkarimu. Msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kuleta gunia. Duara lake lilikuwa katikati ya shamba la baba, na ndilo lililokuwa na dhahabu nyingi kuliko yote.

Kadiri duara lilivyoshuka, matimba yalihitajika mengi. Mwanzo walifuata miti migumu porini, mbali, na porini wanatakiwa wawe na kibali. Masika yalikuwa yanakaribia na mwenye duara alitaka kuufikia mwamba kabla ya maji. Akatazama kulia, mikorosho. Kushoto, mikorosho. Na mingine ingebidi ing'olewe hata hivyo ili kupisha mawe.

Nilikuwepo walipozungumza. Nilikuwa naponda mawe karibu na mdomo wa duara, mahali nilipozoea kukaa. Mwenye duara, baba mdogo, na fundi wa matimba, mtu wa Ziwa, walisimama mbele ya mkorosho wa kwanza ulioangushwa. Fundi alipiga shoka mara moja akavuta, akaonyesha.

"Huu ni maji matupu," akasema. "Ukikaa na unyevu utakuwa uji."

"Mti ni mti," mwenye duara akasema. "Umesimama hapa tangu mkoloni, utashindwa kusimama shimoni msimu mmoja?"

Baba mdogo akacheka. "Fundi, kwenu hakuna mikorosho ndiyo maana huujui. Huu ni mti wa baraka. Umetusomesha, umetuoza."

"Baraka ziko huku juu, mzee. Kule chini kuna udongo."

"Basi kama unaogopa, acha."

Na kweli aliacha. Alipanda lori la magunia na mabegi yake akaenda machimbo mengine, na sikumwona tena. Matimba yakawekwa na vijana wa hapa ambao hawakuwahi kuweka hata nguzo ya choo. Baba mdogo aliikata mikorosho ya kaka yake akisimamia mwenyewe, kofia kichwani, kama mtu anayesimamia harusi. Baba yangu angekuwa hai usingekatwa hata mmoja, lakini angekuwa hai pengine wangemzunguka. Sijui. Nimelifikiria hilo miaka mingi bila kupata jibu.

Mvua zilipoanza mume wangu aliniambia wakati tunakula, "Matimba yanatoa jasho."

"Waambie."

"Nimewaambia. Wanasema mimi nimezoea bahari, naogopa nchi kavu." Akacheka, akaomba ndimu. Aliogopa wenzake kumcheka kuliko alivyoogopa udongo. Wanaume wengi wa machimboni wako hivyo, na mtu hawezi kumrekebisha mume kwa jambo hilo akiwa ana njaa na wenzake wanamngoja.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, ardhi inatoa mvuke. Binti yangu nilimwacha kwa mama. Nilikaa pale pale pangu nikiponda. Nilisikia kitu kama mtu mzima anavunja muwa, kisha tena, kisha mingi kwa pamoja. Yalikuwa matimba. Kabla sijasimama, ardhi niliyokalia ikaondoka. Nilizama mpaka kiunoni, paja langu la kushoto likabanwa kati ya jiwe na gogo. Walionitoa ni wanawake wa mialoni. Wanaume walikuwa wanakimbilia mdomo wa duara, na mdomo haukuwepo tena. Palikuwa na bakuli la udongo mwekundu, na maji yanatiririkia ndani.

Mume wangu alikuwa chini na wenzake. Hawakutoka. Walichimba kuwatafuta mpaka kuta zikaanza kuanguka tena na sheikh akasema waliobaki hai wasiongeze maiti. Tukawaswalia bila miili. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kinjumbi, akasimama ukingoni na kanga kichwani. Kwao amezika watu waliozama, na baadhi hawakuonekana. Aliniambia, "Mwanangu, bahari mara nyingine hurudisha. Hii yenu hairudishi?"

Sasa wa tatu. Watu walikuwa na hasira, na baadhi walianza kuuliza habari za mikorosho. Mwenye duara akamleta mganga, mzee mwenye miwani ya jua, akafikia nyumbani kwa baba mdogo. Mganga akazunguka lile bakuli, akanusa udongo, akasema hapa amepita mwanamke akiwa katika siku zake, mali, yaani dhahabu, imekasirika. Machimboni mwiko huo ulikuwepo tangu mwanzo, ulikuja na wachimbaji na watu wa kwetu wakauamini: mwanamke mwenye damu asisogelee duara. Na mwanamke aliyekuwa karibu na duara siku ile alikuwa mmoja, na amevunjika paja, na yumo ndani amelala hawezi kutoka kujitetea.

Mkutano ulifanyika mimi nikiwa kitandani. Nilisimuliwa. Baba mdogo alisimama akasema, "Yule ni mtoto wangu, damu yangu. Lakini ukweli ni ukweli." Watu wakamsifu kwa kutopendelea ndugu.

Nilikuwa msafi. Naandika hivyo ingawa ni aibu kuandika, kwa sababu nimechoka kuulizwa kwa macho. Na hata kama nisingekuwa msafi, gogo lililooza halijui mwanamke aliye juu yake yuko katika hali gani.

Niliwaambia habari za fundi na shoka lake. Waliniambia fundi yuko wapi? Matimba yako wapi? Matimba yalikuwa chini na mume wangu.

Baada ya hapo watu wakaondoka kama walivyokuja. Karasha zikapakiwa, kibanda cha video kikafungwa, mabati ya msikiti tukabaki nayo sisi. Wanawake tukaosha marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwishaoshwa, tukapata kidogo cha sabuni. Baba mdogo alimaliza muhula wake, akafa kitandani kwake, akazikwa vizuri akielekezwa kibla. Mganga alirudi alikotoka. Mwenye duara akarudi Masoko na lori la pili.

Mimi nikabaki na jina. Sikuwahi kupigwa, wala sikufukuzwa. Ilikuwa mambo madogo. Nikienda kununua dagaa, muuzaji ananihudumia haraka niondoke. Mtu akichimba choo, wananipitisha njia nyingine. Binti yangu alipokuwa shuleni wenzake walimwambia, "Mama yako ndiye alifunga duara." Akawapiga, akapigwa na yeye. Alipokua, amevunja ungo, siku moja tunapura ufuta akaniuliza bila kunitazama, "Mama, siku ile ulikuwa umepata?" Nilimwambia hapana. Akasema "haya" na akaendelea kupura. Ile "haya" nimeibeba kuliko paja. Mtoto aliyezaliwa na yule yule aliye chini, na hana uhakika kama si mama yake aliyemweka kule.

Sasa bei ya dhahabu imepanda, na watu wamerudi. Safari hii ni vijana wa hapa hapa wenye kikundi chao, na mashine ya kuvuta maji. Wanataka lile lile duara la zamani, na mwenye duara, ambaye leseni bado ni yake, amekubaliana nao. Waliondoa udongo wa juu, wakavuta maji, wakaweka matimba mapya, wakasimama. Kabla ya kupita mahali walipofia watu ilibidi isomwe dua na achinjwe mbuzi.

Siku mbili kabla ya dua alikuja kiongozi wao, kijana mwenye adabu, ninamjua tangu anatambaa. Ameshika mfuko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, baba."

Akakaa kwenye mkeka, akasifia kuku, akauliza paja linaendeleaje. Kisha akausogeza mfuko. Ndani palikuwa na doti ya kanga na sukari.

"Mama, tuna ombi. Ijumaa tunafungua. Tunaomba tu... yaani ukae ndani. Siyo kwa ubaya. Vijana wana wasiwasi."

"Wasiwasi wa nini? Nimeshapita umri wa hayo, hata mwenyewe unajua."

Akainama, masikio yakamwiva. "Ni mazoea tu mama. Tupumzishe mioyo."

Binti yangu alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Nilimwona ametulia, mkono uko juu ya ungo hausogei. Alikuwa anangoja aone kama nitapokea. Nikipokea ile kanga, nimekiri. Ningeivaa msibani na harusini, na kila mtu angejua bei yake.

Nikamrudishia mfuko. "Mpelekee mama yako, mwambie namsalimia. Ijumaa nitakuwepo."

Binti yangu akanifuata ndani baadaye. "Mama, kwa nini unatafuta fedheha? Watakuzomea mbele za watu."

"Wazomee."

"Na mimi je? Mimi ndiye naishi nao."

Alikuwa na haki.

Ijumaa baada ya swala niliondoka na fimbo yangu, taratibu. Watu walikuwa wengi, mbuzi amefungwa kwenye kisiki, sheikh amekaa chini ya turubai. Mwenye duara naye alikuwepo, amekuja kutoka Masoko kwa bodaboda, mzee sasa, kanzu nyeupe, wamempa kiti cha plastiki chenye mikono. Waliponiona minong'ono ikaanza. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Mficheni huyo, dhahabu itahama mpaka Songo Songo." Wakacheka.

Nikaenda mpaka karibu na mdomo wa duara nikakaa chini. Hapo ndipo nilipoyaona. Wakati wa kuondoa udongo walikuwa wameyatoa matimba ya zamani wakayarundika pembeni. Meusi, yamechakaa, mengine yamekuwa kama muhogo uliovundikwa. Lakini gome lilikuwa bado limeshika hapa na pale.

Aliyesema si mimi, ni mmoja wa vijana waliokodiwa kuweka matimba mapya, anayetoka machimbo ya mbali na hakuijua habari yetu. Alikuwa ameegemea rundo, akaligeuza gogo moja kwa mguu, likameguka.

"Oya, hivi nani alikuwa fundi hapa? Mkorosho huu! Mtu anaweka mkorosho chini ya maji?" Akacheka kweli kweli, akawatazama wenzake ili nao wacheke. "Hapa hata kuku angekanyaga lingeanguka."

Wenzake hawakucheka. Walilitazama gogo, wakanitazama mimi, wakamtazama mzee kwenye kiti.

Sikujua kama binti yangu amenifuata. Alitokea nyuma ya watu, akaenda kwenye rundo, akaokota kipande chenye gome. Akaenda nacho mpaka kwenye kile kiti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, binti."

"Hili gogo aliliweka mama yangu?"

Mwenye duara alikitazama kile kipande kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. "Mambo ya zamani hayo, binti yangu. Yalishapita. Tumwombe Mungu."

"Nakuuliza, babu. Ni mama aliliweka?"

"Mimi nimezeeka," akasema. "Nimesahau mengi." Kisha akamwambia kiongozi wa vijana wamletee maji.

Hilo ndilo jibu tulilopata. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyesimama kusema neno. Sheikh akakohoa, akasema jua linakuwa kali na ana ndoa ya kufungisha mahali pengine, tusome dua. Tukasoma. Kwa mara ya kwanza nilisikia jina la mume wangu likitajwa pale alipo, pamoja na wenzake. Mbuzi akachinjwa.

Na hata baada ya hayo yote, kijana mmoja alikuja akachuchumaa karibu nasi akasema kwa upole, "Mama, dada, sasa wanashuka. Mngesogea kidogo tu, pale kwenye kivuli." Gogo ameliona, mwenzake amelicheka, ameelewa. Bado anataka nisogee.

Binti yangu akakunja kanga yake akakaa chini kando yangu, miguu imenyooka kuelekea duara.

"Tuko sawa hapa, kaka," akasema.

Wakatazamana. Kiongozi wao akainua mabega, akaamuru kamba ishushwe. Kijana wa kwanza alijifunga, akakaa ukingoni, tochi kichwani. Hakuitazama kamba wala shimo. Alinitazama mimi, na niliona anaogopa.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi sina kitu. Tazama matimba."

Akageuka. Akaomba nyundo, akainama, akaanza kuyagonga moja moja kutoka juu, akisikiliza, na watu wote wakanyamaza kusikiliza naye.